Neno "Kugundua" Katika Somo la Historia: Mafunzo Kutoka Njia za Misafara ya Tanga na Pangani

Miongoni mwa maswali yanayosikika mara nyingi katika madarasa ya historia ya shule zetu za msingi, hapana lililozoeleka kuliko lile linaloanza kwa maneno "Nani aligundua". Nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Nani aligundua Ziwa Victoria? Nani aligundua Bonde la Ngorongoro? Mwalimu huuliza, mikono huinuka, jina la kigeni hutajwa, darasa hupiga makofi, na somo huendelea. Swali ni fupi, jibu lake ni neno moja, na kulisahihisha hakumchukui mwalimu hata nusu dakika. Yamkini hiyo ndiyo sababu ya kudumu kwake.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza swali hilo pamoja nanyi, ndugu wanachuo, kwa kuwa ninyi ndio mtakaosimama mbele ya madarasa hayo. Hatusemi kwamba wasafiri wa Kizungu wasifundishwe. Walikuja, walitembea, waliandika, na maandishi yao yalibadili maisha ya babu zetu. Tunataka kuonyesha namna ya kuwafundisha kwa ukweli. Mifano yetu mingi itatoka hapa hapa Tanga na Pangani, kwa sababu mwalimu mwenye mifano mlangoni pake hana haja ya kwenda kuazima mbali.

Hata hivyo tuazime mmoja, kwa kuwa utatusaidia kuiona vizuri ya kwetu. Mwaka 1803 serikali ya Marekani ilinunua kutoka Ufaransa nchi kubwa iliyokuwa magharibi ya mto Mississippi, ikiitwa Louisiana, kwa dola milioni 15. Rais Thomas Jefferson akawatuma maofisa wawili, Meriwether Lewis na William Clark, waende kuitazama nchi hiyo na kutafuta njia ya kufikia bahari ya Pasifiki. Waliondoka Mei 1804, wakaufuata mto Missouri, wakafika baharini Novemba 1805, na wakarudi mjini St. Louis Septemba 1806. Watoto wa Marekani hufundishwa habari za safari hiyo kama watoto wetu wanavyofundishwa habari za akina Livingstone.

Lakini nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, mataifa mengi yenye lugha, mashamba na mipaka yao, na walionunua na waliouza hawakuwauliza. Lewis na Clark walipitisha majira yao ya kwanza ya baridi kando ya vijiji vya Wamandan, wakila mahindi ya wenyeji hao. Walipohitaji farasi wa kuvukia milima, aliyewasaidia kufasiri ni Sacagawea, mwanamke kijana wa Kishoshone aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni, na farasi walitoka kwa watu wa kabila lake mwenyewe, ambao mkuu wao alikuwa kaka yake. Ramani ya Clark nayo ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya maelezo ya wenyeji, waliomchorea mito na milima ardhini na juu ya ngozi. Basi, tukisema kwa mkato kwamba watu wawili "waligundua" magharibi ya Marekani, tumewafuta waliojua, waliolisha, waliofasiri na walioonyesha njia.

Sasa turudi pwani. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, karibu na Mombasa, akielekea bara. Tarehe 11 Mei aliona mbele yake mlima wenye kilele cheupe. Kiongozi wake wa njia alikuwa Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia ya Uchaga. Rebmann alipouliza ule weupe ni kitu gani, jibu alilopewa lilikuwa neno moja la Kiswahili: baridi. Habari ya theluji karibu na ikweta ilipochapishwa Ulaya mwaka 1849, wataalamu waliokuwa wamekaa vitini mwao waliikataa, na wengine waliendelea kuikataa kwa miaka mingi. Watu wa misafara ya pwani hawakuwa na neno la theluji, lakini walijua kwamba juu ya mlima ule kuna baridi isiyo ya kawaida.

Hapa ndipo tunapotaka kueleza jambo tulilolishuhudia wakati mmoja tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mkoa huu. Mwalimu mwanafunzi alikuwa akifundisha darasa la tano. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zilitayarishwa kwa bidii, na picha ya mlima aliyoichora kwa chaki za rangi ilipendeza. Akauliza, "Nani aligundua Mlima Kilimanjaro?" Mtoto mmoja wa kiume aliyekaa nyuma, karibu na benchi tulilokalia, akainuka akasema, "Ni Wachaga, kwa sababu wanakaa pale." Mwalimu akasema, "Kosa. Kaa chini. Mwingine?" Darasa likacheka. Msichana wa mbele akataja jina la Rebmann, akapigiwa makofi. Katika dakika 20 zilizobaki yule mtoto hakuinua mkono tena.

Baada ya kipindi tuliketi na mwalimu huyo chini ya mwembe ili tuzungumze juu ya somo lake. Tulipomuuliza kuhusu jibu lile, hakubabaika.

"Mwalimu," alisema, "hata mimi najua kwamba Wachaga walikuwapo. Lakini mtihani ukiuliza, jibu linalotakiwa ni Rebmann. Nikimwambia amepata, nitakuwa nimemkosesha alama."

Jibu lile lilikuwa zito, nasi hatukulidharau. Mwalimu wa shule ya msingi hafundishi katika hewa tupu. Nyuma yake kuna muhtasari, mbele yake kuna mtihani, na mtoto wa mkulima aliyeketi mbele yake huenda hana mlango mwingine wa kutokea ila mtihani huo. Mkufunzi anayewaambia wanachuo wapuuze mtihani anawatia watoto wa watu wengine hasarani. Lakini mwalimu anayemwambia mtoto kwamba amekosa, ilhali mtoto amesema kweli, naye anamtia hasarani, na hasara hiyo haionekani katika karatasi ya matokeo. Mtoto hujifunza kwamba shuleni akili yake na macho yake havihitajiwi, kinachohitajiwa ni kukumbuka jina.

Tulimwambia hivi: "Ndugu, swali lako ndilo lililokosa, jibu lake halikukosa. Uliuliza jambo moja ukataka kujibiwa jingine."

Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Basi kesho nimwambieje?"

Hilo ndilo swali la mbinu, na ndilo tunalotaka kulijibu hapa kwa ajili yenu nyote.

Kwanza, tuangalie lugha. Katika Kiswahili, kugundua ni kutambua jambo lililokuwa limefichika. Basi kila tunapolitumia neno hili hapana budi tujiulize: lilifichika kwa nani? Kilimanjaro hakikufichika kwa Wachaga walioilima miteremko yake na kuchimba mifereji ya maji ubavuni mwake. Hakikufichika kwa Wamasai na Wapare, wala kwa misafara ya Pangani na Mombasa. Kilifichika kwa wasomi wa Ulaya. Kwa sababu hiyo tunawashauri wanachuo waligawe neno hili moja katika vitenzi vyake: kukaa, kufika, kuona, kuonyesha, kusimulia, kuandika, kuchora, kuchapisha. Kila kitenzi kina mtendaji wake. Wachaga walikaa. Watu wa misafara walifika na kusimulia. Bwana Kheri alionyesha. Rebmann aliona na kuandika. Wachapishaji wa London walichapisha. Mwalimu akiviandika vitenzi hivi ubaoni upande wa kushoto na kuwaachia wanafunzi wajaze majina upande wa kulia, somo zima litakuwa mbele ya macho yao, na wala hapatakuwa na mtu aliyenyang'anywa haki yake, Mzungu au Mwafrika.

Pili, tuangalie maarifa ya njia yalitoka wapi. Katika jambo hili mji wa Tanga una habari ambayo kila mwalimu wa mkoa huu angepaswa kuijua. Mwaka 1854 mmishonari Jakob Erhardt, mwenzake Rebmann, alikaa Tanga kwa muda wa miezi ipatayo sita. Hakwenda bara. Aliketi mjini akawasikiliza wafanyabiashara na watu wa misafara waliokuwa wakirudi kutoka safari zao, akawauliza njia, vituo, siku za mwendo na makabila. Wengi walimweleza kwamba mwisho wa njia kuna maji makubwa. Yeye na Rebmann wakaziunganisha habari hizo na nyingine walizozipata sehemu nyingine za pwani, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya nchi, lenye umbo lililowafanya watu wa Ulaya kulifananisha na koa. Ramani hiyo ilijulikana Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856, ikazusha mabishano makubwa, na ikawa miongoni mwa sababu za Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kuwatuma Richard Burton na John Speke.

Sasa tunajua kwamba ziwa lile halikuwapo. Yalikuwapo maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na Nyanza, ambalo sasa tunaliita Victoria. Je, watu wa misafara walisema uongo? La hasha. Aliyepita njia ya Kilwa alifika Nyasa. Aliyepita njia ya Bagamoyo na Tabora alifika Tanganyika. Aliyepita njia za kaskazini alisikia habari za Nyanza. Kila mmoja alisema kweli juu ya maji aliyoyajua. Kosa liliingia pale habari tatu za kweli zilipounganishwa kwa kalamu ya mtu mmoja aliyedhani kwamba zote zinaeleza maji yale yale. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na Agosti mwaka huo Speke akasimama kando ya Nyanza. Hapo ndipo wasomi wa Ulaya walipoanza kuyatenganisha maziwa yale.

Habari hii ni zana ya kufundishia isiyogharimu kitu. Tumewahi kuitumia pamoja na wanachuo kwa njia ifuatayo, nanyi mnaweza kuijaribu katika darasa lolote la nne au la tano. Chagua watoto watatu wanaochota maji mahali patatu tofauti. Mwambie kila mmoja, kwa zamu, aeleze njia yake kutoka shuleni: aelekee wapi, atembee muda gani, apite wapi, na aeleze maji yenyewe yalivyo. Wenzao waliobaki wachore ramani kwa kusikiliza tu. Usiwaambie kama ni kijito kimoja au visima vitatu. Ramani zitakapokamilika, zibandike ukutani. Utaona kwamba baadhi ya watoto wameyaunganisha maji yote matatu kwa mstari mmoja, kama alivyofanya Erhardt. Kisha litoe darasa nje, lizifuate njia hizo kwa miguu, na lirudi kusahihisha ramani. Watoto watakuwa wamejifunza dira, vipimo, kusikiliza, na jinsi historia inavyoandikwa. Isitoshe, watakuwa wameelewa kwa nini msafiri alihitajika baada ya msikilizaji, na kwa nini msafiri asingetoka nyumbani kwake pasipo wasimulizi.

Tatu, watajeni walioongoza njia. Burton na Speke walipofika Pangani Februari 1857, walikwea mpaka Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambaa, ambaye Ludwig Krapf alikwisha kumtembelea mwaka 1848. Katika safari hiyo walimpata Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa askari katika kituo cha Sultani cha Chogwe, katika bonde la Pangani. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika ya Mashariki. Alisafiri na Burton na Speke, akasafiri na Speke na Grant, akasafiri na Stanley mwaka 1871, na pamoja na Cameron akavuka bara zima kutoka bahari hata bahari. Mwaka 1876 jumuiya ile ya London ilimpa nishani ya fedha. Mwanafunzi wa darasa la sita anayeyajua majina ya Burton na Speke asiyemjua Bombay amefundishwa nusu ya safari.

Yupo pia Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani. Joseph Thomson alipokwenda katika nchi ya Wamasai mwaka 1883, alisafiri pamoja na msafara wa Kimemeta. Miaka minne baadaye, mwaka 1887, Hesabu Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel walianzia safari yao Pangani, na Kimemeta ndiye aliyekuwa mwongozi wao. Walifika katika ziwa la kaskazini ya Kenya mwezi Machi 1888 wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa nchi yao. Jina hilo lilidumu katika ramani mpaka mwaka 1975, ndipo ziwa likaitwa Turkana. Aidha, mwaka 1882 mmishonari J. P. Farler wa Magila, karibu na Muheza, alichapisha London orodha ya njia za misafara kutoka Pangani mpaka Umasaini na Nyanza, kituo kwa kituo. Orodha hiyo aliipata kwa wenyeji. Kumbe barabara za "wagunduzi" zilikuwa na majina ya vituo kabla wao hawajazikanyaga.

Hapa tutoe tahadhari moja. Tusiwavue Wazungu joho la ushujaa ili tuwavike wafanyabiashara wetu. Njia zile zile zilizopitisha shanga, vitambaa na waya wa shaba kwenda bara zilirudisha pembe na watumwa kuja pwani. Mzigo ulibebwa begani na mpagazi, na wako waliobeba wakiwa wamefungwa. Mwalimu akikutana na wazee wenye kumbukumbu za wazazi wao, asikilize yote, hata yasiyopendeza. Kuna maneno yanayoweza kumsaidia kuanzisha mazungumzo hayo darasani. Hongo, ambayo leo ni rushwa, ilikuwa kodi aliyotozwa mwenye msafara na mtawala wa nchi aliyopita. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku. Kirangozi alikuwa mtu wa mbele wa msafara, aliyejua njia. Mtoto anayasikia maneno mawili ya mwanzo kila siku nyumbani. Akielezwa yalikotoka, ataona kwamba historia inakaa hata kinywani mwake.

Nne, na hapa tunafikia jambo lililo zito kuliko yote, mwulizeni msafiri ametumwa na nani. Tulianza na nchi iliyonunuliwa huko Marekani. Pwani yetu nayo ilinunuliwa. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya mikataba. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana kwamba ukanda wa pwani wa maili 10 tu ndio uwe wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipochukua usimamizi wa pwani hiyo, watu wa Pangani waliinuka, na Abushiri bin Salim akawaongoza vitani hata aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka uliofuata Sultani Ali bin Said aliiachia Ujerumani pwani ile kwa malipo ya marki milioni 4, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ikashika utawala. Wadigo, Wabondei, Wasegeju na Waswahili wa Tanga hawakuulizwa, kama Wamandan na Washoshone wasivyoulizwa mwaka 1803.

Mwaka mmoja tu baada ya hapo, Januari 1892, msafara uliondoka Tanga kwenda kuitazama nchi iliyopatikana. Aliyeuongoza ni Oscar Baumann, mtu wa Vienna, aliyetumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa. Alikuwa ameijua pwani hii tangu mwaka 1888, alipotekwa na watu wa Abushiri pamoja na Hans Meyer na kukombolewa kwa fidia. Baumann alipita Manyara na Eyasi, aliingia Ngorongoro Machi 1892, akafika Nyanza, akaenda mpaka Burundi, na akarudi Pangani mwanzoni mwa mwaka 1893. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1894. Bado zipo habari zinazosema kwamba yeye ndiye aliyegundua Ngorongoro, ilhali alipoteremka bondeni alikuta Wamasai wakikaa humo, nao ndio waliokuwa na jina la mahali.

Tena tuzingatie hali aliyowakuta nayo. Sotoka ilikuwa imeangamiza ng'ombe wa Wamasai miaka hiyo hiyo, na ndui ilikuwa imepita. Baumann aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa na wapiganaji wasioweza kutembea vizuri kwa njaa, wakilizunguka kambi lake wakitafuta chochote cha kula. Hiyo ni shahada ya thamani, nasi tunaishukuru kalamu yake. Lakini mwalimu lazima afundishe jinsi ya kuisoma. Msafiri huandika alichokiona siku aliyopita. Akipita nchi mwaka wa njaa, ataiandika kuwa haina watu, na aliyemtuma akisoma kwamba nchi haina watu, ataona si vibaya kuigawa. Lewis na Clark nao walipita kando ya mahame ya vijiji vya Wamandan, vilivyoachwa kwa sababu ya ndui iliyowaua wengi miaka ya 1780 na kitu. Mfundisheni mtoto kuuliza: nchi hii ilikuwaje miaka mitano kabla ya msafiri kupita?

Yaliyofuata Tanga yanajulikana kwa kila mtoto wa mkoa huu kwa macho yake. Mwaka 1893, mwaka ule ule Baumann aliorudi, ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1905 reli ikafika Mombo. Mwaka 1893 hiyo hiyo miche ya mkonge iliyoagizwa na Richard Hindorf kutoka Florida, Marekani, ililetwa pwani hii. Inasimuliwa kwamba iliyofika hai ni 62 tu. Ramani, reli na shamba la mkonge vilikuja kwa mpango huo: aliyepima njia alitangulia, na aliyechukua ardhi alifuata. Mwanafunzi akielewa mpango huo, hataona tena safari za wasafiri kuwa hadithi za watu waliopenda kutembea.

Tuseme pia kwamba watu wa pwani hawakuwa watu wa kuandikwa tu. Mwaka 1901 kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten, ndani yake watu wa pwani wakisimulia kwa Kiswahili safari zao wenyewe, za bara ya Afrika na hata, kwa Salim bin Abakari, za Urusi na Siberia. Mwanachuo anayetaka kuonyesha kwamba msafiri anaweza kuwa Mswahili na mwenye kutazamwa akawa Mzungu, hana haja ya kubuni. Mfano umekwisha kuandikwa.

Sasa turudi katika swali la mtihani, maana hatukulisahau. Yule mwalimu mwanafunzi tulimshauri aandike ubaoni sentensi hii: "Johannes Rebmann ni Mzungu wa kwanza anayejulikana kuandika kwamba aliuona Mlima Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, alionyeshwa njia na Bwana Kheri, na Wachaga walikuwa wakikaa huko tangu zamani." Mtoto anayeikariri sentensi hii hatapoteza alama. Mtihani ukimwuliza kwa neno la zamani, jina analo. Ukimwuliza kwa neno lililo sahihi zaidi, jibu analo pia. Gharama yake ni nusu dakika ya chaki.

Siku iliyofuata tuliketi tena katika darasa lile. Mwalimu alianza kwa kumwita yule mtoto. Mtoto hakutaka kusimama. Alitazama dawati lake, na ilikuwa wazi kwamba alitazamia kuchekwa. Mwalimu akamwambia, "Jana ulisema Wachaga. Ulisema kweli, na leo nataka darasa zima lisikie sababu yako." Alipoieleza, hakucheka mtu. Kisha mtoto mwingine akauliza, "Sasa yule Mzungu alionyeshwa na nani?" Katika karatasi zetu za ukaguzi kuna mahali pa kuandikia alama ya ushirikishaji wa wanafunzi. Siku hiyo hatukupata shida ya kuijaza.

Ndugu wanachuo, mtapangiwa Handeni, Mkinga, Kilindi, Lushoto, na wengine mbali zaidi. Mahali pote mtakapofika mtakuta mlima, mto au ziwa lenye jina, na mtakuta watoto waliozaliwa kando yake. Kabla ya kuandika katika andalio la somo swali linaloanza na "Nani aligundua", andikeni kwanza vile vitenzi vinane, mtafute mtendaji wa kila kimoja. Kimoja kikikosa jina, nendeni kwa mzee wa karibu mkamwulize, na kitabu mtakirudia jioni.